Mgeni wa DOS katika Nyumba ya Leo: Maelezo kuhusu Mashine Pepe na Uokoaji wa Kumbukumbu za Lugha

0. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza, kwa lugha ambayo mwanaisimu asiye fundi ataweza kuifuata, namna mfumo endeshi wa zamani unavyoweza kuendeshwa ndani ya kompyuta ya kisasa kwa njia ya kitu tutakachokiita mashine pepe. Huenda msomaji akauliza jambo hilo linaihusu vipi taaluma ya Kiswahili. Jibu limo makabatini mwetu. Kuanzia miaka ya themanini, maktaba na idara nyingi za vyuo vya Afrika zilianza kuhamisha kadi zao za karatasi na kuzitia katika ordinatere. Kadi zikatupwa, au zikaachwa zioze, kwa kuwa iliaminika kwamba kilichokwisha kuingia katika mashine kimehifadhika. Leo mashine zile zimekufa, nazo mashine mpya hazielewi lugha ya zile zilizokufa.

Kilichotusukuma kuandika ni sanduku la disketi kumi na moja, kila moja ikiwa na neno METHALI lililoandikwa kwa kalamu ya wino, pamoja na namba. Disketi hizo zina kadi za methali zilizokusanywa na wanafunzi wa lisanse katika miaka ya tisini, mitaani Lubumbashi na katika vijiji vya jirani. Kila kadi ina methali yenyewe, lugha yake, tafsiri ya Kiswahili, maelezo ya msemaji kwa Kiswahili cha hapa hapa mjini, pamoja na jina la msemaji, umri wake na kijiji alikotoka. Madaftari ya awali yaliwekwa katika ghala lenye paa bovu. Mvua ilianza kazi na mchwa wakaimaliza. Wengi wa wazee waliohojiwa wamekwisha kufariki. Kwa hiyo sanduku hilo ndilo shahidi pekee aliyesalia, na shahidi huyo alikuwa bubu: kadi ziliandikwa kwa programu ya CDS/ISIS chini ya MS-DOS, na hakuna kompyuta hata moja ya idara ambayo ingeweza kuiwasha. Windows ya biti 64, ambayo ndiyo iliyoenea, haiendeshi tena programu za DOS za biti 16.

1. Kuhusu istilahi

Mfumo endeshi ni ile programu ya msingi inayoamka kwanza kompyuta inapowashwa, ikazitawala diski, skrini, klavie na memori, kisha ikazigawia programu nyingine kwa zamu. MS-DOS, ambayo historia yake inaanzia mwaka 1981 pamoja na kompyuta ndogo ya kwanza ya IBM, ni mfumo endeshi. Windows na Linux vilevile. Programu haizungumzi na mashine tupu, bali huzungumza na mfumo endeshi. Mfumo huo ukiondoka, programu hubaki kama mtu anayesema lugha ambayo msikilizaji wake wa mwisho amezikwa.

Neno pepe limezoeleka kutokana na barua pepe. Lina undugu na upepo na kupepea, nalo linatoa picha ya kitu kisichoshikika kwa mkono. Wako wanaopendelea mashine dhahania. Sisi twaona kwamba dhahania yafaa zaidi kwa mambo ya fikra tupu, hali mashine pepe si fikra tupu: inafanya kazi, inakula umeme, na ukiizima vibaya inapoteza jasho lako la siku nzima.

Kuhusu pande mbili zinazoshiriki, Kiswahili hakina haja ya kukopa. Mfumo wa kisasa uliomo katika kompyuta halisi ni mwenyeji; mfumo wa zamani unaoendeshwa ndani yake ni mgeni. Ila mgeni huyu ana tabia isiyopatikana katika desturi zetu: hajui kwamba yuko ugenini. Anaamini kuwa nyumba yote ni yake, kwamba diski aionayo ni diski ya chuma na klavie aisikiayo ameunganishwa nayo kwa waya. Kati ya mgeni na mwenyeji yupo wa tatu, yaani programu inayompa mgeni chumba, posho na mipaka. Wenzetu wa Dar es Salaam pengine wangemwita msimamizi. Hapa Katanga, kwenye kumbukumbu ya migodi na kambi za wafanyakazi, jina liko tayari: kapita. Tutalitumia bila kuomba radhi.

2. Asili na utendaji

Fikra yenyewe si ngeni. Katika miaka ya sitini kompyuta moja ilijaza chumba kizima na bei yake ilikuwa ya kutisha. Kwa sababu hiyo watafiti wa IBM mjini Cambridge, Massachusetts, walibuni njia ya kuigawa mashine moja iwe kana kwamba ni nyingi, kila mtumiaji akidhani ana yake. Mfumo wao wa CP-40 ulikuwa ukitumika mwaka 1967, na mwaka 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika masharti ambayo prosesa yapaswa kuyatimiza ili kapita aweze kufanya kazi yake. Baada ya hapo kompyuta ndogo za bei nafuu zilienea, na haja ya kugawana ikapungua. Hamu ilirudi pale kampuni ya VMware ilipotoa programu yake mwaka 1999 kwa ajili ya kompyuta za mezani. VirtualBox, ambayo ndiyo tuliyoitumia kwa sehemu kubwa, ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Kijerumani ya Innotek. Ikapita mikononi mwa Sun mwaka 2008, na Sun yenyewe ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010.

Sasa tuutazame utendaji. Prosesa hutekeleza amri moja baada ya nyingine. Nyingi ni za kawaida: jumlisha, linganisha, hamisha. Chache ni za kitawala: badili ramani ya memori, iambie diski isome, funga mlango kwa yeyote anayebisha. Mgeni anapotoa amri ya kawaida, prosesa halisi huitekeleza moja kwa moja, kwa kasi yake yote. Anapotoa amri ya kitawala, prosesa husita na kumwita kapita. Kapita hutazama mgeni alitaka nini, humtimizia kwa namna isiyomdhuru mwenyeji, kisha humrudishia zamu. Kwa mfano, mgeni akisema andika kwenye diski, kapita huandika ndani ya faili moja kubwa lililomo katika diski ya mwenyeji, na kumjibu mgeni kwamba diski yake imeandikwa. Diski nzima ya mgeni, pamoja na mfumo wake na programu zake zote, ni faili hilo moja. Laweza kunakiliwa, kubebwa mfukoni, au kupelekwa kwa mwenzako wa Bukavu, naye akaikuta DOS ile ile, na kadi zile zile, katika hali ile ile uliyoiacha.

Sharti kuu la Popek na Goldberg ni kwamba amri yoyote yenye kugusa utawala wa mashine lazima iweze kunaswa. Prosesa za jamii ya Intel, zilizomo katika kompyuta nyingi, hazikulitimiza: baadhi ya amri zake zilipita kimya bila kapita kuitwa. VMware ililazimika kuzichungulia amri za mgeni mapema na kuzibadilisha kabla hazijatekelezwa. Mwaka 2005 Intel, na mwaka 2006 AMD, waliongeza ndani ya prosesa zenyewe uwezo uliokuwa ukikosekana. Msomaji atakayeweka VirtualBox na kuona inakataa kuanza aingie kwanza katika mipangilio ya msingi ya kompyuta yake. Mara nyingi uwezo huo upo, ila umefungwa.

Kuna njia ya pili, nayo yapasa itofautishwe na ya kwanza ingawa watu huzichanganya. Hiyo ni uigaji. Mwigaji hamruhusu mgeni kuigusa prosesa halisi hata kidogo. Huisoma kila amri na kuifasiri kwa lugha ya mwenyeji, kama mkalimani wa mahakamani asiyemwacha shahidi aseme neno moja moja kwa moja kwa hakimu. Njia hii ni ya polepole zaidi, lakini ina faida mbili. Kwanza, mgeni na mwenyeji waweza kuwa wa jamii tofauti kabisa za prosesa; kompyuta za Apple zilizoanza kutoka mwishoni mwa mwaka 2020 zina prosesa ya jamii nyingine, na DOS humo haiwezi kuendeshwa ila kwa ukalimani. Pili, mkalimani aweza kuamriwa aende taratibu. DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, na QEMU ya Fabrice Bellard, ya mwaka 2003, ni waigaji mashuhuri.

Mtu atashangaa kwa nini mwendo wa taratibu uwe faida. Katika sanduku letu kulikuwa pia na programu ndogo ya kuhesabu maneno katika matini, iliyoandikwa na mwanafunzi kwa Turbo Pascal. Katika VirtualBox ilikufa kabla ya kuonyesha herufi moja, ikitoa kosa namba 200, yaani kugawanya kwa sifuri. Hakuna aliyegawanya kwa sifuri. Programu nyingi zilizotengenezwa kwa zana hiyo, zinapoanza, huhesabu mashine inaweza kuzunguka mara ngapi katika muda mfupi wa saa yake, kisha hugawanya hesabu hiyo ili kujua kipimo cha kusubiri. Mashine zilipopita takriban megahezi 200, jibu likawa kubwa kuliko nafasi lililotengewa, na prosesa hutoa kilio kile kile inachokitoa kwa sifuri. Ndani ya DOSBox, tukiwa tumepunguza mwendo, programu ya mwanafunzi yule ilihesabu maneno kwa utulivu kama siku ilipozaliwa.

3. Kazi yenyewe

Hatua ya kwanza haihusu mashine pepe hata kidogo, nayo ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote. Kabla disketi haijaingizwa popote, sogeza kile kipande kidogo cha plastiki pembeni ili tundu libaki wazi. Tundu likiwa wazi, kisomeo hakiwezi kuandika. Kisha usifungue mafaili moja moja. Chukua taswira ya disketi nzima, sekta kwa sekta. Disketi ya inchi tatu na nusu ya aina iliyoenea ina mizingo 80 kwa kila upande, pande 2, sekta 18 kwa kila mzingo, baiti 512 kwa kila sekta. Jumla sekta 2,880, au baiti 1,474,560. Taswira kamili lazima iwe na ukubwa huo barabara. Tulitumia kisomeo cha kuchomeka kwa USB pamoja na programu ya ddrescue chini ya Linux. Programu hiyo husoma kwanza yaliyo mepesi, huacha yaliyo magumu, huyarudia baadaye, na huandika daftari la sekta zilizogoma. Disketi tisa zilisomeka zote. Ya saba na ya tisa ziligoma, nasi tutazirudia.

Hatua ya pili ni kumwalika mgeni. MS-DOS 6.22, ya mwaka 1994, bado ni mali ya Microsoft, ingawa matini ya programu ya matoleo ya kale zaidi yamefunguliwa kwa umma: ya 1.25 na 2.0 mwaka 2014, kisha ya 4.00 mwaka 2024. Kwa idara isiyo na nakala yake halali, twapendekeza FreeDOS, mradi ulioanzishwa na Jim Hall mwaka 1994 ambao unaruhusiwa kutumiwa na kugawiwa bure. CDS/ISIS nayo ilitolewa na UNESCO tangu mwaka 1985 na kugawiwa maktaba bila malipo, jambo lililoieneza sana katika nchi zetu. Mgeni wa DOS ana njaa ndogo: memori ya megabaiti 32 ni karamu kwake, na diski pepe ya megabaiti 500 ni shamba lisilolimika.

Matatizo ya siku ya kwanza ni madogo lakini hukatisha tamaa. DOS huamka ikidhani klavie ni ya Kimarekani, hali zetu zimepangwa kwa desturi ya Kifaransa au ya Kibelgiji: ukibonyeza A yatoka Q, na mstari wa mlazo unaohitajika katika kila amri hauonekani ulikojificha. Dawa ni amri KEYB FR au KEYB BE, iandikwe katika faili la AUTOEXEC.BAT ili isisahaulike. Jambo la pili lawahusu wanaoishi na umeme wa kukatikakatika. DOS haijui kupumzika. Inaposubiri ubonyeze herufi, huuliza bila kukoma, mara nyingi mno kwa sekunde, kama umebonyeza. Prosesa hupata joto na betri huisha upesi. FreeDOS ina programu ndogo iitwayo FDAPM inayoifundisha kusinzia. Zaidi ya hayo, VirtualBox huweza kumgandisha mgeni katikati ya neno na kumwamsha kesho yake mahali pale pale, jambo ambalo kompyuta ya mwaka 1994 isingeweza kulifanya.

Kuhamisha mafaili kati ya mgeni na mwenyeji kwahitaji ujanja kidogo, kwa sababu VirtualBox haina kwa ajili ya DOS ile mikono ya kusaidia iliyo nayo kwa Windows. Tulimpa mgeni taswira za disketi moja kwa moja, naye akazisoma kama disketi halisi. Katika DOSBox ni rahisi zaidi: folda ya mwenyeji hutangazwa kuwa diski C, basi.

Mtandao, tusimpe. Mgeni wa zamani hana kinga dhidi ya maradhi yaliyozuka baada yake. Hata Windows XP, iliyo changa kwa kulinganisha, iliacha kupata marekebisho ya kawaida mwezi Aprili 2014.

4. Ndani ya hifadhidata

CDS/ISIS ilipowaka na menyu yake ya Kifaransa ikatokea, mzee wetu wa maktaba, aliyeitumia ujanani, aliketi bila kuambiwa na vidole vyake vikakumbuka njia. Ilibidi tu kurekebisha faili la SYSPAR.PAR, ambalo huiambia programu mafaili yamekaa wapi.

Yafaa kueleza kwa nini hatukuridhika na kulifungua faili la data kwa programu ya kawaida ya matini. Maneno yangeonekana, ni kweli. Lakini hifadhidata ya ISIS imetawanywa katika mafaili kadhaa, na kila moja lina sehemu ya maana. Faili la MST lina kadi zenyewe, zimepangwa katika vipande vya baiti 512. XRF husema kila kadi imeanzia wapi. FDT hutaja majina ya sehemu za kadi, ambazo ndani ya MST ni namba tu. IFP na wenzake ni faharasa ya kutafutia. Na PFT ni kanuni za kuonyesha kadi kwenye skrini. Hapo ndipo tulipopata somo. Katika kadi zetu, sehemu ya 40 ina tarakimu moja: 1, 3, 5. Kwa jicho tupu ni tarakimu bubu. Ndani ya PFT, watunzi waliandika kwamba sehemu ya 40 ikiwa na 3 skrini ionyeshe neno kilioni, ikiwa na 5 ionyeshe barazani, na kadhalika. Yaani muktadha ambamo methali ilitamkwa, jambo ambalo mwanafasihi simulizi hulitafuta kabla ya jingine lolote, haumo katika data. Umo katika namna ya kuionyesha. PFT ni matini ya kawaida na mtu mwenye subira angeweza kulisoma peke yake. Hata hivyo, yeyote aliyehamisha data bila kuiona ikionyeshwa katika makazi yake ya asili asingejua kwamba kulikuwa na kitu cha kutafuta.

Kutoka hapo tuliitaka ISIS yenyewe itoe kadi katika muundo wa ISO 2709, ambao maktaba zote huufahamu. Angalizo moja: ISIS hukata faili hilo katika mistari ya herufi 80, na programu nyingi za kisasa hutarajia mfululizo usiokatwa. Unganisha mistari kwanza.

5. Suala la herufi

Kwa mwanaisimu, hapa ndipo kiini cha jambo. Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba, na jedwali la kufasiri namba kuwa herufi hutegemea mfumo endeshi. Katika DOS yalitumika majedwali yaitwayo 437 na 850. Katika Windows za Ulaya magharibi, jedwali 1252. Yote yanapatana kuhusu namba za chini ya 128, yaani herufi zisizo na alama. Kuanzia 128, kila jedwali lina lake.

Matokeo yake ni ya kushangaza. Matini ya Kiswahili yalitoka katika disketi yakiwa mazima, kwa sababu tahajia yetu sanifu haina alama juu ya herufi, na hata ng' hutumia kistari cha juu kilicho chini ya 128. Kifaransa kilitoka kimejeruhiwa. Namba 130, ambayo DOS huiita é, Windows huiita alama ya kunukuu ya chini. 135, yaani ç, huwa msalaba wa pande mbili. 138, yaani è, huwa Š. 133, yaani à, huwa nukta tatu. Msomaji mwenye mazoea huweza kukisia: Kifaransa kilichovunjika hivyo bado hutambulika.

Walioumia hasa ni Kibemba, Kiluba na Kisanga. Baadhi ya wakusanyaji walikuwa na bidii ya kuweka alama za toni, na toni ya juu waliiandika kwa á, é, í, ó, ú. Katika DOS, á ni namba 160. Katika jedwali 1252, namba 160 ni nafasi tupu isiyokatika. Herufi haiharibiki tu: hutoweka, na mahali pake hubaki uwazi, hivi kwamba neno lenye á mbili hukatwa vipande bila dalili ya jeraha. Mtu aliyefungua mafaili haya chini ya Windows angeona maneno mafupi mafupi, akadhani ni mpaka wa kimofolojia. Isitoshe, í hugeuka alama ya mshangao iliyopinduliwa, ó alama ya senti, na ú alama ya pauni ya Uingereza. Hizo angalau hupiga kelele.

Je, twajuaje kama watunzi walitumia jedwali 437 au 850? Kwa herufi ndogo zenye alama hizi tano, yote mawili yanakubaliana, lakini kwa herufi kubwa yanatofautiana: Á ya jedwali 850 ni kipande cha mstari wa kuchorea visanduku katika 437. ISIS ina mafaili mawili madogo ya kutusaidia. ISISAC.TAB hutaja namba zipi zihesabiwe kuwa herufi, na ISISUC.TAB husema kila herufi ndogo igeuzwe kuwa ipi kubwa. Katika disketi zetu, la pili lilikuwa limehaririwa kwa mkono: á ilielekezwa kwa namba 181, ambayo ni Á ya jedwali 850. Fundi fulani wa miaka ile, asiyejulikana jina, alikuwa ameona umuhimu wa toni hata katika upangaji wa alfabeti. Tuligeuza mafaili yote kutoka jedwali 850 kwenda Yunikodi kwa programu ya iconv, na á zikarudi mahali pake.

Twaongeza neno kuhusu programu za leo, ambazo si malaika. Baadhi ya programu za uandishi hugeuza kistari cha ng' kuwa alama ya kunukuu iliyopinda bila kuuliza. Ng'ombe na ng’ombe kwa msomaji ni mnyama mmoja. Kwa mtafutaji wa kompyuta ni maneno mawili. Katika jambo hili dogo disketi za DOS ni safi kuliko tasnifu tunazopokea sasa.

6. Matumizi mengine

Mashine pepe haifai kwa uokoaji wa data peke yake. Mfumo wa zamani wenyewe waweza kuwa matini ya kuchunguzwa. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kiofisi yenye menyu za Kiswahili. Maamuzi yote ya istilahi ya watafsiri wake yanasomeka humo: wapi waliunda, wapi walikopa, wapi neno moja lilibebeshwa kazi mbili kwa kukosa nafasi katika kitufe. Orodha ya istilahi iliyochapishwa haionyeshi mambo hayo, kwa kuwa neno la menyu huishi pamoja na majirani zake. Mwanafunzi anayetaka kulinganisha istilahi za wakati ule na za leo aiwashe programu hiyo ndani ya mfumo wa umri wake, afungue menyu moja baada ya nyingine, anakili. Ni kazi ya lisanse nzuri, na gharama yake ni muda tu.

Kuhusu majina ya wasemaji, tumeamua nakala ya kusomwa na wote isiwe nayo, ila kijiji na umri. Nakala kamili imefungiwa idarani. Wazee walisema mbele ya mwanafunzi mwenye daftari, hawakusema mbele ya dunia nzima.

Zilibaki disketi mbili. Katika ya saba, daftari la ddrescue lilionyesha kwamba sekta zote zilizogoma zilikuwa ndani ya faharasa, na faharasa ISIS huweza kuijenga upya kutokana na MST. Kwa hiyo hakuna kadi iliyopotea. Katika ya tisa, sekta zilizogoma zimo katika MST lenyewe, na kadi za mtaa mmoja zimekatika katikati, nyingine zikiwa na methali bila maelezo, nyingine maelezo bila methali. Visomeo havilingani: kichwa cha kimoja husoma ambacho cha kingine kimeshindwa. Tumekwisha kujaribu viwili. Mwenzetu yeyote mwenye kompyuta ya zamani ambayo kisomeo chake cha ndani bado kinazunguka atupe habari, nasi tutaileta disketi wenyewe kwa mkono.